KUMBUKUMBU YA MZEE WETU MPIGA MNADA

(Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama, Kisumu)



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme maneno machache juu ya mzee wetu aliyekuwa mpiga mnada hapa mjini, ambaye tulimsindikiza mpaka kwao kando ya ziwa tukamzika. Mjane wake yupo nasi, amekaa pale mbele pamoja na binti yake mkubwa. Mama, karibu sana. Hapa ni kwenu.

Kwanza neno moja juu ya jina lake. Mtaona ya kuwa sitalitaja, wala halitachapwa katika gazeti letu. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Alikuwa akisema, “Nimesoma majina ya watu wengi mbele ya halaiki wakati wa shida zao. Langu nalo msilipigie kengele.” Basi sisi tutamwita Jaduong’, kama tulivyomwita alipokuwa hai, na kila mtu hapa anajua ni nani.

Pili, nataka kusema wazi jambo ambalo baadhi yenu mmelisema kwa kunong’ona. Katika mkutano uliopita, tulipopitisha kofia kwa ajili ya msiba, ndugu mmoja aliinuka akauliza, “Chama cha wafanya kazi kinamchangia mpiga mnada kwa sababu gani? Huyu si ndiye aliyebeba makabati yetu?” Wengine walimpigia makofi. Swali lile lilikuwa la haki, na mwenye kuuliza hakukosa adabu. Mtu aliyetolewa viti vyake nje mbele ya majirani hawezi kuambiwa asahau. Kwa hiyo leo sikuja kumsifu marehemu tu, kama ilivyo desturi. Nimekuja kulijibu swali hilo.

Ndugu zangu, mji wetu ni mji wa biashara tangu mwanzo. Wazee hutueleza ya kwamba hata jina la Kisumu limetokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Reli ilifika ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, wakati mahali hapa palipoitwa Port Florence. Ndipo zilipokuja bandari, karakana na maghala, na pamoja nayo ukaja mshahara wa mwezi. Na palipo na mshahara wa mwezi pana deni la mwezi. Na palipo na deni, iko siku mpiga mnada atapita.

Kwa hiyo mtu aliyeifanya kazi ile miaka mingi ameiona historia ya wafanya kazi wa mji huu, ila yeye aliitazama akiwa amesimama mlangoni pa watu. Jaduong’ alianza akiwa kijana wa kupiga kengele na kubeba viti kwa dalali mmoja wa zamani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika katika mwaka 1977, watu wa reli na wa bandari hawakujua kesho yao itakuwaje, na yeye alikuwa pale, akiandika orodha ya redio na baiskeli. Kiwanda cha nguo cha KICOMI kilipofungwa katika miaka ya 1990, alikuwa pale. Miaka hiyo hiyo gugu maji lilipoziba ghuba yetu hata mashua zisiweze kutoka, wavuvi wakashindwa kulipa madeni ya nyavu, naye alikuwa pale. Miwani na Muhoroni zilipowekwa chini ya mrasimu katika mwaka 2001, na watu wa miwa wakakaa bila mishahara, alikuwa pale. Na ugonjwa wa korona ulipokuja katika mwaka 2020, hoteli zikafunga milango na wahudumu wakarudi nyumbani mikono mitupu, mzee alikuwa amekwisha choka lakini bado alikuwa pale.

Alikuwa na msemo wake: “Ukitaka kujua hali ya kazi, usimwulize mkubwa yeyote. Nenda mnadani ukahesabu makabati.”

Sasa, je, mtu wa namna hiyo aliwezaje kupendwa? Maana alipendwa. Ninyi mliofika kwenye mazishi mliona wenyewe. Walikuwapo mafundi wa Kibuye, wachuuzi wa samaki wa Dunga, makarani wa mahakama, waendesha boda boda, na hata watu ambao vitu vyao aliviuza. Jawabu langu ni hili: Jaduong’ hakupendwa kwa sababu aliwaonea watu huruma akaiacha sheria. Alipendwa kwa sababu aliishika sheria yote, pamoja na ile sehemu inayomlinda mdaiwa. Watu wengi wa kazi yake huikumbuka nusu moja tu.

Nitawaeleza sehemu hiyo, maana haikuwa siri yake. Imeandikwa. Ipo Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, zipo Kanuni zake za mwaka 1997, na ipo Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 21. Mpiga mnada akija kwako na hati ya mahakama, mambo yanatakiwa yaende hivi.

Kwanza, lazima awe na hati yenyewe, nawe una haki ya kuiona na kuisoma.

Pili, hachukui kitu siku ile ya kwanza. Anaandika orodha: kitu kimoja kimoja, thamani yake, na hali yake. Orodha hiyo hutiwa sahihi na mwenye mali, au na mtu mzima anayekaa au kufanya kazi mahali pale.

Tatu, anakupa siku 7 kwa maandishi ili ukomboe mali yako kwa kulipa deni. Siku hizo zikipita bila malipo, ndipo aweza kuihamisha mali.

Nne, akisha ihamisha, lazima atangaze mnada gazetini, na mnada usifanywe kabla ya siku 7 tangu tangazo la kwanza.

Tano, haruhusiwi kuingia nyumba ya mtu kukamata mali baada ya jua kuchwa wala kabla ya jua kuchomoza.

Sita, na hili ndilo kubwa, viko vitu ambavyo havikamatwi. Kifungu cha 44 cha Sura ya 21 kinavitaja: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na ya mkewe na watoto wake. Halikadhalika zana za mtu zilizo za lazima kwa kazi yake. Msumeno wa seremala ni kazi yake. Cherehani ya mshonaji ni kazi yake.

Basi Jaduong’ alikuwa akija asubuhi, watoto wakiwa wamekwisha kwenda shule. Hilo halimo katika sheria. Hilo lilikuwa lake mwenyewe, kwa maana alikuwa baba wa watoto sita. Alivua kofia mlangoni. Aliomba kiti. Kisha aliisoma hati yote kwa sauti, kwanza kwa Kijaluo, halafu kwa Kiswahili, na akiwa kwa Mluhya au Mkisii au Mhindi alimtafuta jirani wa kutafsiri. Alipofika mahali pa siku 7, alihesabu kwa vidole: “Leo ni Jumanne. Siku yako ya mwisho ni Jumanne ijayo. Mambo yanayoweza kufanyika katika siku hizi ni haya.” Akamwambia mtu aende mahakamani akaombe kulipa kidogo kidogo, au akaonane na mdai, au awaite ndugu zake wakae kikao.

Liko jambo lililotokea Kondele, ambalo wengi mmelisikia, lakini nitalisimulia kwa ajili ya vijana. Palikuwa na mama mmoja mshonaji wa sare za shule. Alikopa, mkopo ukamshinda, kesi ikaamuliwa. Jaduong’ alikwenda na hati, akifuatana na mjumbe wa mdai. Ndani ya chumba kile palikuwa na kitanda, masufuria, meza moja, na cherehani. Mjumbe akamwambia, “Andika cherehani.” Jaduong’ akasema, “Hiyo siandiki. Ndiyo kazi yake.” Mjumbe akasema, “Lakini ndicho kitu pekee chenye bei humu ndani!” Jaduong’ akamjibu, “Na ndiyo sababu sheria imekitaja.” Akaandika meza peke yake, akaaga, akaondoka.

Mdai yule alikasirika. Alimnyang’anya kazi zake zote, na kwa mwaka mzima na zaidi hakumpa hata hati moja. Alikuwa mmoja wa watu waliomlisha. Mwaka ule Jaduong’ aliuza ng’ombe wake wawili ili alipe karo. Mama yuko hapa. Yeye ndiye aliyewafunga kamba ng’ombe wale asubuhi walipochukuliwa. Na yule mama mshonaji alikwenda mahakamani akaruhusiwa kulipa kwa mafungu, akashona sare, akalimaliza deni lote. Hesabuni wenyewe. Kama cherehani ingeuzwa, mdai angepata fedha kidogo siku moja, na mama yule asingepata kitu tena maisha yake yote. Kwa kuiacha cherehani, kila mtu alipata haki yake. Mtu mmoja tu aliyepata hasara, naye ni mpiga mnada.

Ndugu zangu, hayo ndiyo ya kutokuuza. Sasa niseme juu ya kuuza, maana siku nyingi aliuza, na sitaki kuwadanganya.

Mnada wa hila mnaujua. Tangazo hubandikwa mahali pasipopita mtu. Wanunuzi ni watu watatu wanaojuana, nao wamekwisha patana bei kabla ya kuja. Redio inakwenda kwa bei ya betri zake. Mwenye deni anapoteza mali, na deni bado limebaki pale pale. Huo si mnada, huo ni wizi uliovaa tai.

Jaduong’ alitaka watu wawe wengi. Mbali na tangazo la gazeti, alipeleka habari barazani kwa chifu, makanisani, msikitini, na kwa mafundi wa Kibuye. Alimwambia mwenye mali siku na saa, ili ndugu zake waje na fedha zao wanunue kama watu wengine. Alisimama juu ya sanduku lake, akapiga kengele, akataja aibu ya kila kitu kabla ya sifa zake: “Kabati hili mguu mmoja umetengenezwa. Redio hii yasikika, lakini kitufe hakipo. Asiseme mtu sikumwambia.” Sauti yake ilikuwa kubwa hata ukiwa stendi ya mabasi uliisikia. Alitaja bei mara ya kwanza, mara ya pili, akanyamaza kidogo akiwatazama watu usoni mmoja mmoja, kisha mara ya tatu, na nyundo ikashuka. Wala katika maisha yake yote hakununua kitu katika mnada wake mwenyewe, wala hakumtuma mtu amnunulie.

Yupo hapa ndugu yetu mmoja wa karakana, naye ameniruhusu niseme habari zake bila jina. Alimdhamini rafiki yake katika mkopo. Rafiki akahama mji, na deni likamwangukia yeye. Vitu vyake viliuzwa: viti, kabati, televisheni na baiskeli. Deni pamoja na gharama zote lilikuwa Shs. 61,400. Mnada ulileta Shs. 68,900. Siku iliyofuata, alipokuwa amekaa sakafuni ndani ya nyumba tupu, alisikia hodi. Alikuwa Jaduong’, na karatasi ya hesabu mkononi, mstari kwa mstari, na bahasha yenye Shs. 7,500. Akamwambia, “Hizi ni zako. Deni limekwisha. Usije ukamruhusu mtu akakudai tena.” Ndugu yetu ameniambia, “Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu yule mpaka kufa kwangu. Alininyima nafasi.”

Sasa niseme juu ya nyumba yake, kwa maana mtu hujulikana nyumbani.

Mama amenieleza ya kwamba ndani ya nyumba yao hamna kitu hata kimoja kilichotoka mnadani. Viti vyao vilitengenezwa na mafundi wa Kibuye, vikalipiwa polepole mpaka vikaisha. Watoto walipouliza kwa nini baba hawaletei televisheni za rahisi ambazo kila siku huziuza, aliwaambia, “Kila kitu pale kina mtoto wake anayekitafuta.”

Alikuwa na daftari moja, naye hakulificha. Kila mwisho wa mwezi yeye na mkewe walikaa mezani wakaandika kilichoingia na kilichotoka. Hakutia sahihi ya mkopo wala ya dhamana bila mkewe kujua. Alisema ameziona nyumba nyingi ambamo mke alianza kusikia habari za deni siku ile ile mpiga mnada alipobisha hodi, na machozi ya siku ile hayakuwa ya kabati. Yalikuwa ya kufichwa.

Jioni alifika nyumbani sauti imekauka, akanong’ona, “Leo sauti yangu nimeiuza yote, imebaki masikio.” Basi watoto walizungumza, yeye akasikiliza. Binti yake alitusimulia msibani jambo lililotuchekesha katikati ya kilio. Walipokula samaki na kikabaki kipande kimoja sahanini, baba alikipiga mnada. Bei haikuwa fedha, bali kazi. Mmoja alisema, “Nitaosha masufuria siku mbili!” Mwingine, “Siku tatu!” Mwingine, “Siku nne na kuteka maji!” Baba aligonga sahani kwa mwiko: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimeuzwa! Yule kitinda mimba siku zote alipanda juu sana: “Mwezi mzima!” Na baba alimwuliza kwa uso mkavu, “Mnunuzi, mali ya kulipia unayo? Kesho asubuhi nitakuja kuyaangalia masufuria.” Na kweli asubuhi aliyaangalia. Watoto wale walijifunza wakiwa wadogo ya kwamba bei unayoitaja kwa kinywa, utailipa kwa mikono. Ningependa sisi watu wazima tungefundishwa hivyo kabla hatujatia sahihi karatasi fulani fulani.

Lakini msidhani nyumba ile haikulipa gharama. Watoto wake waliitwa watoto wa mnada shuleni. Mama alipokwenda sokoni Jubilee, wako waliokataa kumwuzia samaki, wakamwambia aende akale makabati. Alirudi na kikapu kitupu. Jumapili zilizofuata alikwenda Dunga, mwendo mrefu, na miaka mingi hakumwambia mumewe sababu yake. Tunaposema mtu huyu alifanya kazi kwa haki, tukumbuke ya kuwa mzigo wa kazi ile ulibebwa pia na kikapu cha Mama. Ahsante, Mama.

Wala sisemi alikuwa malaika. Katika ufuo mmoja huku kwetu aliwahi kuuza mashine ya mashua ya mvuvi ambaye hakuwa na kazi nyingine. Watu walimzomea mpaka akaondoka. Mashine ile ilikuwa imewekwa rehani kwa sahihi ya mvuvi mwenyewe, na ulinzi wa zana niliowatajia haukomboi kitu ambacho mtu amekitoa rehani kwa hiari yake. Sheria haikumpa mlango, naye hakujitengenezea mlango wa uongo. Alirudi nyumbani, amesema Mama, akakaa nje mpaka usiku wa manane. Mvuvi yule hakumsamehe. Haki yake pia ni hiyo.

Basi sasa narudi kwa swali la ndugu yetu. Kwa nini chama kimkumbuke mtu huyu?

Mimi naona hivi. Siku zote sisi wafanya kazi tunaomba tupate watu wema: mwajiri mwema, karani mwema, mpiga mnada mwema. Ni vizuri wakiwapo. Lakini mtu mwema hufa, kama huyu alivyokufa, na kesho hati zile zile zitachukuliwa na mtu mwingine ambaye huenda hatavua kofia, hatasoma kwa Kijaluo, na atakuja usiku na gari tayari la kubebea. Siku hiyo wema wa Jaduong’ hautatusaidia. Kitakachotusaidia ni zile kanuni alizozishika, kama na sisi tutazijua. Yeye alizisoma kwa sauti katika kila nyumba aliyoingia. Alikuwa mwalimu wa bure, na wengi wetu tulikuwa tumekasirika mno hata tusimsikie.

Ndiyo sababu halmashauri imeamua mambo manne, nami nawaomba myaunge mkono.

La kwanza: karatasi moja yenye kanuni nilizozitaja itapigwa chapa kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, nayo itagawiwa katika kila mahali pa kazi penye wanachama wetu. Ibandikeni ndani ya mlango.

La pili: mwanachama akipata notisi, asiifiche chini ya godoro. Siku 7 huanza kuhesabiwa hata kama umeificha. Ilete ofisini siku ile ile. Wengi huja siku ya nane, na siku ya nane hatuna dawa.

La tatu: mpiga mnada akivunja kanuni, asipigwe mawe wala asichomewe gari. Andikeni siku, saa, namba ya gari, na vitu alivyochukua. Iko Bodi ya Leseni za Madalali iliyowekwa kwa sheria ya 1996, nayo yaweza kusikiliza malalamiko na kumnyang’anya mtu leseni. Chama kitamsaidia mwanachama kuandika barua hiyo.

La nne: kabla ya kutia sahihi ya mkopo au ya kumdhamini mwenzako, soma, na mwenzako wa nyumbani asome. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara wako. Lakini sheria haiwezi kukuzuia kuahidi mwezi mzima wa masufuria.

Kuhusu mchango, ni hiari. Ndugu aliyeuliza swali ana haki ya kutotoa hata senti, na asitazamwe vibaya. Mama ameniambia ya kuwa hataki fedha nyingi. Anaomba tusaidie karo ya muhula mmoja ya mtoto wa mwisho, mpaka mambo ya urithi yatengenezwe. Mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Kila atoaye apewe stakabadhi. Jaduong’ mwenyewe asingekubali vinginevyo.

Bwana Mwenyekiti, nimesema mengi, nami nisije nikatangaza mara ya nne wakati nyundo imekwisha shuka. Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya mtu huyu. Alifanya kazi ambayo hakuna mtoto anayeiota, akaifanya mchana, mbele ya watu, na hesabu yake ikatoka sawa. Mungu amlaze mahali pema, ampe Mama nguvu, na awalee watoto wake.

Na sisi tulio hai tushikamane, tusome, tuambizane. Umoja ni nguvu.